Nimeshusha Gari

Mimi ndiye yule mtu wa Masasi aliyelimiwa barabara kule Kitangari, na naona bora niseme mwenyewe kuliko mwendelee kuisikia kwa watu, maana kila anayeisimulia anaongeza lake (kuna mmoja anasema nilizimia, sikuzimia, nilikaa tu chini kidogo). Aibu ninayo mpaka leo. Nikipita kwenye njia ile naangalia mikorosho ya kushoto, naangalia mikorosho ya kulia, naangalia chochote isipokuwa pale ninapokanyaga. Lakini yameshapita, na kwa kuwa leo nimeshiba na ninyi mmenibana, nawaambia yote.

Kazi yangu mnaijua, mimi ni fundi simu pale Lisekese, Masasi, nina meza, kiti cha kuzunguka na taa ya kumulika vitu vidogo. Jambo ambalo wakati ule nilikuwa silitangazi ni kwamba mtu mzima mimi, mwenye ndevu na kadi ya mpiga kura, nina gari ya rimoti. Na si zile za sikukuu zinazokufa siku ya pili. Hii ni gari ya maana, ndefu kutoka kwenye kiwiko changu hadi ncha za vidole, ina mota yenye nguvu, ina difu mbele na nyuma, ina shokapu nne za mafuta kama gari ya wakubwa. Niliipata mbovu kwa rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam aliyekwisha kuikatia tamaa, nikaifufua, nikakata vipande vya bomba la plastiki nikavivisha juu ya tairi ili iteleze, kisha Jumapili maduka yakifungwa najificha kwenye baraza moja yenye marumaru naichezesha drifti, yaani ule mchezo wa gari kukata kona huku inakwenda ubavu ubavu kama imelewa. Raha yake sijui niwaelezeje, mpaka mshike rimoti wenyewe.

Tatizo gari ilikuwa imesimama juu mno. Ikiingia kona inanyanyua mguu, inapinduka, inabaki chali tairi zikizunguka hewani, na mimi natazama huku na huku kama kuna aliyeniona. Nikauliza kwenye kundi letu la simu la watu wenye ugonjwa kama wangu (tuko wachache, tumetapakaa nchi nzima), wote wakanijibu neno moja, shusha. Shusha gari. Basi nikaishusha. Nilifungua shokapu moja moja, nikakata vipande vya mrija wa wino wa kalamu, nikavichomeka kwenye fimbo ya ndani ili shokapu isinyooke yote, nikajaza mafuta upya, nikabadilisha springi nikaweka fupi, nikapunguza na vile vijiti vinavyoshika bodi. Siku tatu nzima, wateja nawaambia simu zenu kesho. Nilipomaliza gari ililala chini hivi kwamba kalamu ilipita chini ya tumbo lake kwa kusukumwa. Nikaiwasha pale barazani, ikaingia kona, ikatoka kona, ubavu kwa ubavu, haikunyanyua hata tairi moja, na mimi mwenyewe nilicheka peke yangu.

Sasa sikilizeni nilipokosea. Nilijilaza kifudifudi kwenye marumaru, nikaipiga picha kwa chini, jua la alasiri linaipiga ubavuni, ukuta wa nyuma umefifia, na mkiiona picha ile mtaapa ni gari ya kukatia bima. Nikaiweka stetasi, nikaandika maneno mawili tu, Nimeshusha gari, nikalala zangu kwa amani.

Kabla sijaendelea lazima niwaeleze kuhusu Somoe, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya kuchekesha tu ikaisha. Somoe ni mwalimu wa shule ya msingi Newala mjini, alikuja kwangu na simu iliyoingia maji, nikamwambia arudi baada ya siku mbili, na simu ilipona siku ile ile lakini sikumwambia. Kwao ni Kitangari. Nilikuwa nimepeleka posa kwao kupitia mshenga, mzee mmoja fundi cherehani wa Masasi tunayemwita Baba Mwajuma, ambaye ni ndugu wa mbali wa familia ile, na posa yangu ilikuwa imelala huko tangu mfungo uliopita bila jibu. Kwao, kama kwetu Wamakua, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akikataa baba anabaki kukohoa tu. Mjomba wa Somoe anaitwa Mfaume, mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache, na alichomjibu Baba Mwajuma ni kwamba kijana hana ubaya ila ni mtu wa kukaa kwenye kiti, Masasi ni mbali, na bibi yake Somoe, Bibi Hadija, miguu imemwisha, siku akizidiwa huyo mtu wa kiti atamletea mjukuu wake kwa usafiri gani? Basi nilikuwa nasubiri. Nilikuwa namtaka Somoe mpaka nikiona namba yake kwenye simu nasimama wima, peke yangu kibandani, kama mwalimu kaingia darasani.

Asubuhi baada ya ile picha, Baba Mwajuma akanipigia. Akasema hongera bwana, nimeona umeshusha gari. Mimi kwa ujinga wangu nikadhani mzee wa watu amependezwa na ufundi wangu, nikasema ahsante sana Baba Mwajuma, kazi ilikuwa ngumu, imenichukua siku tatu. Akauliza imeshuka salama? Nikamwambia imeshuka vizuri mno, hata mkwaruzo haina. Akacheka kwa furaha, akasema picha ameshamtumia Mjomba Mfaume, na Mjomba amesema niende Jumamosi nikachukue jibu langu, kwa sababu mtu aliyeweza kushusha gari hawezi kuitwa mtu wa kiti.

Ndipo nilipoelewa. Ninyi mnajua, na mimi nilijua vizuri tu, kwamba mitaani mtu akisema ameshusha gari maana yake amenunua gari, ameileta, imeshuka melini, imeshuka mjini, watu waje waione, kama vile anavyoweza kushusha mjengo. Hakuna mtu hata mmoja kati ya Masasi na Newala anayesikia neno lile akafikiria mrija wa kalamu ndani ya shokapu.

Pale ilibaki sentensi moja tu ya kusema. Baba Mwajuma, ile ni gari ya kuchezea. Maneno hayajai hata kiganja. Lakini masikio yangu yalikuwa yameshasikia "ukachukue jibu lako", miezi yote ile nimesubiri, nikasema tu, haya mzee, nashukuru. Nikajiambia nitarekebisha baadaye.

Baadaye haikufika, kilichofika ni simu ya pili. Baba Mwajuma akasema Mjomba ameomba niende na gari yenyewe, kwa sababu Bibi Hadija ana dada yake Lukuledi ambaye hawajaonana tangu miguu ilipomharibikia, bodaboda hawezi kupanda, basini hawezi kuinua mguu, na sasa amesikia mkwe ana gari ameanza kufua kanga zake. Hapo roho iliniuma kweli, na hapo pia ningeweza kusema. Badala yake nikatafuta maneno ya kuniponya, nikasema, mzee, shida gari yangu imeshuka sana, ipo chini mno, ile njia ya mchanga kutoka barabara kubwa mpaka nyumbani kwao itailalia tumbo, haiwezi.

Tazameni basi, hakuna neno hata moja la uongo hapo. Gari ilikuwa yangu, ilikuwa imeshuka, mchangani haiwezi kweli. Nilikata simu nikajisifu moyoni kwamba nimetoka salama na sijadanganya mtu. Baba Mwajuma alikuwa amenijibu kwa kifupi tu, hilo tuachie sisi, na mimi sikuuliza maana yake nini.

Somoe nilizungumza naye mara moja tu wiki ile, shuleni kwao walikuwa na mitihani, tukazungumza habari za viatu vya kuvaa Jumamosi. Mambo ya posa kwao hayamfikii msichana mpaka wakubwa wamalize, kwa hiyo hakujua lolote la gari, na ile picha alipoiona alielewa mara moja ni kile kigari changu (yeye peke yake nilikuwa nimemwonyesha). Ningemwambia yeye angeniokoa kwa simu moja. Nikazungumza viatu.

Jumamosi asubuhi nikavaa kanzu, nikaweka gari na rimoti yake kwenye begi la mgongoni, nikapanda zangu basi la Newala. Mpango wangu ulikuwa huu: nifike, nisalimie, nitoe gari, niichezeshe kidogo, wacheke, niombe radhi, tule. Njia nzima nilikuwa najisimulia jinsi watakavyocheka. Nilipoteremka nikachukua bodaboda mpaka ilipo njia ya kuingia kwao, na bodaboda aliposimama nikamwambia amekosea, hii siyo, njia ya akina Mfaume ni ya mchanga wenye mashimo na mizizi. Akaniambia ndiyo hii hii, imelimwa, kuna mkwe anakuja na gari ya chini.

Ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula. Mashimo yamefukiwa, mizizi imekatwa kwa shoka, matawi ya mikorosho yaliyokuwa yananing'inia yamepogolewa pande zote mbili, na huo ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ukungu, wakati ambao mtu wa Kitangari hatoki shambani kwake hata ukimwita kwa ngoma. Lakini walikuwa wametoka. Wanaume na majembe yao wamesimama kando, wamechoka, wanatabasamu. Na mchanga wenyewe ulikuwa na rangi nyeusi nyeusi, umeshikana, nikaukanyaga haukuzama. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa na ndoo tupu imekuwaje. Akaniambia tumeumwagia maji tukaushindilia, kwa sababu tumeambiwa gari yako ikikuta mchanga mkavu inalala.

Maji. Ninyi mnaoishi penye bomba ndani ya nyumba mtaona ni jambo dogo. Kule juu mlimani maji yanafuatwa mbali kwa miguu, yanapangwa foleni, yanabebwa kichwani, na hata maji ya kuoga hutumiwa kwa hesabu. Watu wale walikuwa wamemwaga maji chini, mchangani, kwa ajili ya kalamu mbili za wino nilizozikatakata Lisekese.

Nikaenda hivyo hivyo, shikamoo huku, marahaba, shikamoo kule, marahaba mwanangu, na kila ninayemsalimia anaangalia nyuma yangu. Baba Mwajuma alikuwa katikati ya njia amevaa koti, anawapanga watu wasogee, wamwachie mkwe nafasi ya kugeuzia. Akaniuliza gari nimeiegesha wapi. Mbele ya nyumba amesimama Mjomba Mfaume na kanzu nyeupe ya Ijumaa, pembeni yake Mama Somoe, nyuma yao Somoe amevaa vile viatu tulivyozungumza, na mbele ya wote, juu ya kiti cha plastiki kilichowekwa hasa pale ambapo mlango wa gari ungesimama, amekaa Bibi Hadija na kanga mpya yenye harufu ya dukani, mkoba magotini, tayari kwa safari.

Nikafungua begi. Nikaitoa gari nikaiweka chini katikati ya barabara yao, nikashika rimoti. Bodi ya buluu, stika za pembeni, taa zake ndogo zinawaka. Nawaambia kimya kile mtu aliyeko mbali angeweza kuhesabu kuku wanaotembea. Nikafikiri labda ikitembea kidogo watu watalegea, au pengine sikufikiri, kidole tu kilibonyeza hadi mwisho, gari ikaruka mbele, ikazunguka, ikakita tumbo kwenye mchanga mbichi kabla haijamaliza hatua moja, na zile tairi zikaanza kuchimba, zikachimba, zikamrushia Mjomba Mfaume matope kuanzia pindo la kanzu mpaka kifuani. Barabara iliyolimwa kwa ajili yake iliishinda hapo hapo mlangoni. Ndipo nilipokaa chini.

Bibi Hadija akasema kitu kwa Kimakonde, pole pole, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida. Umati mzima ukapasuka kwa kicheko, wanaume wakashikilia majembe, yule mama wa ndoo akaenda kuegemea mkorosho. Mimi Kimakonde sikijui. Nikamwangalia Somoe, naye hakuwa anacheka hata kidogo.

"Bibi anauliza apande mlango gani," akasema.

Kama kuna siku nimetamani kuwa skrubu ile ndogo kabisa inayopotelea kwenye zulia, ni siku ile. Mjomba Mfaume hakujifuta matope. Akasubiri watu wanyamaze, akaniuliza kama nilimwambia Baba Mwajuma nina gari. Nikaanza kumweleza, mzee, neno kushusha kwa mafundi lina maana nyingine, ukiangalia shokapu utakuta ndani kuna fimbo, akaninyooshea kiganja nikaacha.

"Sikukuuliza shokapu," akasema. "Simama uwaambie hawa watu una nini na huna nini."

Nikasimama, kanzu imejaa mchanga nyuma, nikasema nina kibanda cha kutengeneza simu Lisekese, na nina gari ya kuchezea, na gari ya kupanda watu sina. Akasema wa kule nyuma hawajasikia. Nikasema tena kwa nguvu, gari sina. Akasema na yule pale kwenye kiti amevaa kanga mpya, msogelee umwambie yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Nikapiga magoti mbele ya Bibi Hadija, nikamwambia Bibi, nisamehe, sina gari, na Lukuledi leo hatuendi. Somoe akatafsiri. Bibi akaniangalia, akaitazama ile gari pale chini, akaondoa mkoba magotini akauweka kando ya kiti, taratibu. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema, yalinitoka mbele ya watu wote wale.

Mjomba akasema mambo ya posa hatuyasemi kwanza, kwanza maji ya akina mama yarudi. Akaletewa baiskeli yake, akaifunga madumu mwenyewe, akanikabidhi, akasema pipa lile la nyuma ya nyumba lilikuwa limejaa hadi juzi. Kisha akageuka akaingia ndani kubadilisha kanzu. Baba Mwajuma alitaka kunitetea, akatazamwa mara moja tu na Mama Somoe akakumbuka ana shughuli mahali pengine.

Nikaenda kwenye maji. Mwanaume mwenye kanzu, na baiskeli ya madumu, kwenye foleni ya wanawake tu ambao habari ilikuwa imewafikia kabla yangu, na walinipokea vizuri sana, mmoja akaniuliza hii baiskeli nayo nimeishusha lini, mwingine akaomba lifti. Nilijibu yote kwa heshima. Safari ya kwanza nikamwaga nusu njiani kwa kutojua kufunga dumu. Safari ya pili nikaangusha baiskeli mbele ya msikiti, watu wanatoka adhuhuri. Safari ya tatu, nikiwa kwenye foleni, nikaona viatu vile vimesimama kando yangu vimejaa vumbi, Somoe kashika ndoo.

Nikamwambia kwamba mimi sikusema uongo, neno kwa neno, aulizwe Baba Mwajuma. Sijui kwa nini nilisema vile, labda kichwa kilikuwa kimepata moto.

"Najua hukusema uongo," Somoe akasema. "Ungesema uongo ningekasirika leo, kesho nikasahau. Wewe umewadanganya wajomba zangu kwa maneno ya kweli. Sasa mimi ukiniambia kitu, nitajuaje?"

Nawaambieni, yote yale ya barabarani hayakunipata kama hilo. Kicheko mtu unakizoea. Hili lilinipata kwa sababu alikuwa hagombi, alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia sijui, Somoe. Nikamwambia niliogopa, nilisikia neno jibu nikaogopa kulipoteza, na kila nilipotaka kusema nilikuona unaondoka. Akaitazama foleni. Akasema, hilo sasa ndilo nimelielewa. Kisha akanifundisha kufunga dumu, mpira unapita chini kwanza ndipo unakuja juu, na safari zilizobaki tulikwenda wote, yeye na ndoo kichwani, mimi nasukuma, na jua lilikuwa kali lakini nakumbuka lile jua kwa uzuri tu.

Pipa lilijaa jua likianza kulegea. Mjomba Mfaume alitoka, akasimama kando ya pipa, akachovya mkono mpaka kwenye kifundo, akautikisa. Mimi nimesimama nimelowa, kanzu imekuwa ya udongo, mabega yanawaka moto, nasubiri kuambiwa nichukue begi langu niende. Alimwangalia Somoe kwanza, kwa muda, kama anamwuliza kitu, na Somoe akatikisa kichwa kukubali kitu ambacho mimi sikusikia kikisemwa. Mjomba akawageukia akina mama waliokuwa jikoni.

"Mpeni mkwe chakula," akasema, akaondoka zake kwenda kuangalia mikorosho yake.

Nilikula ugali ule kwa samaki mkavu, Mama Somoe ananiongezea bila kuniuliza. Baada ya chakula Bibi Hadija akaitisha ile gari. Baraza ya Mjomba ni ya saruji iliyopigwa niru mpaka inang'aa, nikaifuta mchanga gari yangu, nikaiweka, na hapo jamani ilicheza. Ilikwenda ubavu, ikarudi ubavu, ikazunguka mguu wa kiti cha Bibi mara tatu bila kuugusa, na Bibi akawa anainua miguu yake mibovu kuipisha, anacheka hadi kanga inamwanguka kichwani. Mjomba alisimama kule kwenye mikorosho amejifanya haoni. Wiki iliyofuata nilikodi Noah, ikaingia hadi mbele ya nyumba kwa ile barabara, tukampeleka Lukuledi, na hao ndugu wawili walipoonana walishikana mikono wakakaa hivyo hivyo mpaka chai ikapoa. Siku hizi hata boza la maji linaingia kwa njia ile ile, ambapo zamani liliishia barabara kubwa, na watu wanaiita Barabara ya Mkwe, ndiyo maana nikipita naangalia mikorosho.

Ndoa tulifunga baada ya msimu wa korosho. Gari bado ninayo na bado imelala chini, sijaipandisha hata kidogo, hilo mtanisamehe. Ila nimeapa mambo mawili. La kwanza, stetasi yangu haitoki mpaka mke wangu aisome. La pili ni gumu zaidi na bado najifunza, kwamba mtu akinielewa vibaya na ule ubaya ukanipendeza, nifungue mdomo hapo hapo kabla hajavuta pumzi. Juzi tu mteja aliniita injinia, nikamwambia hapana, mimi ni fundi simu, darasa la saba. Somoe alikuwa pale mlangoni ameleta chakula. Aliweka chombo mezani, akavuta kiti cha pili akakaa, na hakuwa na haraka ya kuondoka.